Kompyuta Inayolala Mchana

Daktari Gathogo hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Nzioka. Mtu akikufokea unajua bado ana haja na wewe. Huyu alikuwa ameketi nyuma ya meza yake, kalamu mkononi, akiongea polepole kama anayempa mgonjwa habari mbaya.

"Wewe ukija, mashine inafanya kazi. Ukienda, inalala. Sasa niambie, Nzioka, nikuandike kazi ya kukaa kando yake uishike mkono?"

"Daktari, nipe muda kidogo tu. Nimebadilisha waya, nimebadilisha kile kifaa cha kuleta umeme ndani. Nafikiri ni stima ya Ruiru inacheza."

"Stima inacheza mchana tu? Na siku ukiwa hapa haichezi?" Daktari aliweka kalamu chini. "Jumatatu watu wa Nairobi wanakuja. Nimeshawaita. Mashine ikifanya kazi mikononi mwao, watachukua hiyo kazi yote. Mimi sina ubaya na wewe."

Sina ubaya na wewe! Ukisikia mkubwa wako amesema hivyo, anza kukunja virago. Nzioka alishukuru, maana alilelewa vizuri huko Matuu, akachukua mkoba wake wa bisibisi na kupita mbele ya benchi la wagonjwa akiwa ameinamisha kichwa. Walikuwa wamejaa hadi mlangoni, na walimtazama jinsi watu wanavyomtazama mwizi wa kuku.

Hospitali ya Gathogo ilikuwa ndogo, vyumba vichache vya wagonjwa na wodi moja ya wazazi, lakini daktari alikuwa mtu wa kisasa. Alinunua kompyuta wakati hospitali kubwa kuliko yake bado zilikuwa zinaandika kwa kalamu. Majina ya wagonjwa yalikuwa humo, dawa zilizobaki stoo zilikuwa humo, hesabu za kila mtu zilikuwa humo. Na bila karatasi iliyopigwa na printa ya mapokezi, askari wa langoni hakuruhusu mgonjwa kutoka, hata kama amepona na amelipa na ameaga majirani wa kitanda.

Kila Ijumaa Nzioka alitoka Thika kuja kuitunza. Aliizima wakati watu wanakula, akapuliza vumbi, akanakili kila kitu kwenye tepu, akakagua mafaili kama yamevunjika, akaiwasha tena. Kwa miaka miwili mashine haikulala hata mara moja. Na unadhani walimshukuru? Wapi! Kwa kuwa haikulala, watu walianza kuulizana huyu Mkamba analipwa kwa kazi gani, mbona kila akija hakuna kitu kimeharibika. Halafu mwaka wa 1999 ukaingia na jua lake kali, na kompyuta ikaanza kuzima mchana. Matroni akasema ni ule mdudu wa mwaka wa elfu mbili, amefika mapema.

Walipompigia simu Nzioka, alifika mbio na kuikuta mashine imepoa. Aliiwasha, ikawaka. Siku moja alikaa hapo kutoka asubuhi hadi jioni akiiangalia, na ilifanya kazi kama punda wa kukodi. Kesho yake, akiwa Thika, ikalala.

*

"Kula," alisema Wamboi.

"Ninakula."

"Unahesabu maharagwe. Kula, Baba Nduku."

Walikuwa wanakaa Kiganjo, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, mlango wa buluu. Mtoto wao Nduku alikuwa amelala tayari. Nzioka alisukuma sahani ya githeri, akamwambia mkewe yote: Jumatatu, watu wa Nairobi, sina ubaya na wewe. Alikuwa na vibarua vingine mjini, kutengeneza redio na mashine za chapa, lakini vyote hivyo vilikuwa vya mboga. Kodi ya nyumba na karo ya nasari zilitoka kwa Gathogo. Wamboi alijua hilo bila kukumbushwa.

"Huyu Gathogo si ni mtu wa Gatanga?" aliuliza Wamboi baada ya kufikiri. "Kwao na kwa cucu, nyanya yangu, ni kilima kimoja. Niende nimwongeleshe."

"Uende wapi?"

"Ruiru. Mtu wa nyumbani hawezi kunifukuza. Nitamsalimia kwa Kikuyu, nimpelekee kitu kidogo, nimwambie akuongeze muda."

Nzioka aliinuka. Hakuwa mtu wa hasira, lakini kuna mahali pa mwanamume ambapo hata mke akigusa kwa pamba panauma. "Sikia, Wamboi. Mke wangu hataenda kuniombea kazi kwa ukabila. Afadhali nife njaa."

"Njaa yenyewe hutakufa peke yako," alijibu Wamboi. "Sisi tuko wawili nyuma yako."

"Nimesema hapana."

"Sawa. Umesema."

Nzioka hakumjua mkewe vizuri kama alivyodhani. Wamboi akisema "sawa" kwa sauti ile ya chini, ujue ameshachagua nguo ya kuvaa.

*

Kesho yake, Alhamisi, Wamboi aliamka, akamwacha Nduku kwa jirani, akajifunga kitambaa cha kanisani na kutia kwenye kiondo maparachichi yaliyotoka shamba la mama yake. Mtu haendi kuomba mikono mitupu. Lakini alipofika kwenye lango la hospitali, askari aliyatazama yale maparachichi na kumwelekeza upande wa jikoni.

"Mama, wauzaji wanapitia nyuma."

"Mimi si muuzaji. Nataka kuona daktari."

"Basi kaa kwa benchi kama wengine."

Alikaa. Kando yake kulikuwa na mwanamke mwenye buibui, amempakata mtoto mchanga aliyefungwa shali ya kijani. Jina lake Mwanarusi, mumewe aliitwa Idarous, ana kibanda cha viatu sokoni Ruiru. Haya yote Wamboi aliyajua kabla hajatulia, maana Mwanarusi alikuwa amechoka kunyamaza.

"Mume wangu alilipa jana, dada. Jana! Wakasema ngojeni karatasi. Kompyuta ikalala. Nikalala hapa tena, kitanda kimoja na mama mwingine, miguu yake huku kwangu. Leo nimepangwa nyuma ya watu wa asubuhi, na ona, mchana ndio huu unafika."

"Pole sana."

"Ni yule mtu wao wa kompyuta. Wanasema ni mlevi."

Wamboi alihisi shingo ikipata moto. Nzioka hata soda aliinywa nusu. "Nani anasema?"

"Watu. Kitu kiharibike kila siku mchana, siku zote hizo, na fundi yupo? Hiyo ni pombe. Mke wake anapata taabu, maskini."

Wamboi alivuta kiondo karibu. Angesema nini? Angesema mimi ndiye huyo mke, na benchi zima lingemgeukia yeye na kiondo chake. Aliitazama sakafu, akameza maneno, na yalikuwa machungu kuliko mwarobaini. Alijionea haya kwa kunyamaza.

Hapo akaamua kutongoja zamu. Alienda kwenye dirisha la mapokezi, ambako karani, Wilkister, alikuwa akigonga vidole kwenye kibodi. Nzioka alikuwa amemtaja mara nyingi, kwamba ni mtu mwema. Yeye na Wamboi hawakuwahi kuonana.

"Naomba kuona daktari," alisema Wamboi, na macho yakanasa kitu.

Nyuma ya Wilkister, juu ya lile sanduku la kompyuta, palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, maua ya waridi katikati, ukingo wa zambarau. Kilifunika sanduku lote kikashuka nyuma hadi mezani, na juu yake kulikuwa na glasi yenye maua ya plastiki. Wamboi alikijua. Ukingo ule ni wa zambarau kwa sababu uzi mweupe ulimwishia na maduka ya Thika yalikuwa yamefungwa kwa Krismasi. Alikuwa amekishona na kukitia bitana nzito ndani ili kikae vizuri, akamfungia Nzioka akampelekee Wilkister kama zawadi, cha kiti chake cha nyumbani.

Na nisiseme uongo, jambo la kwanza alilohisi ni furaha. Kazi ya mikono yake, mahali pa heshima namna hiyo, katikati ya hospitali! Alitamani Mwanarusi aje aone.

"Aki, si imelala tena!" alisema Wilkister.

Benchi liliguna. Mtu akapiga ulimi. Mtoto wa Mwanarusi akaanza kulia, na mama yake akasema kwa sauti kwamba leo hakuna atakayemzuia, atapita juu ya ukuta na kichanga chake.

"Dada," alisema Wamboi, "naomba niguse hicho kitambaa."

"Mama, hapa si sokoni. Rudi ukae."

"Mimi ndiye nilikifuma. Mimi ni mke wa Nzioka."

Benchi zima likamgeukia. "Astaghafirullahi," alisema Mwanarusi taratibu.

Wilkister alifungua mlango mdogo wa pembeni. Wamboi aliingia, akaondoa glasi ya maua, akatia mkono chini ya bitana. Aliutoa upesi. Sanduku lilikuwa na moto kama sufuria iliyotoka kuipuliwa. Kule nyuma, ambako mashine hupumulia kwa feni yake, kitambaa kilikuwa kimejikunja na kuziba tundu lote.

Nyumbani kwake kila kitu kilikuwa na kitambaa: viti, meza, redio, hata mtungi wa maji. Isipokuwa televisheni. Nzioka alikataa siku ile ile walipoinunua, akasema kitu cha umeme kinahitaji hewa, na Wamboi alinuna wiki nzima kwa sababu aliona mumewe hajui uzuri wa nyumba.

"Umekiweka lini?" aliuliza.

"Januari, niliporudi kutoka likizo. Nyumbani watoto wangekichafua, mama. Nikaona ni kizuri sana, kiende mahali pa maana."

"Na Nzioka hajawahi kukiona?"

"Ataonaje? Fundi akija ninakitoa haraka, mikono yake ina vumbi na mafuta. Ijumaa ndiyo siku ninayokipeleka nyumbani kukifua na kukitia wanga." Wilkister alisikia maneno yake mwenyewe. Mkono ulipanda mdomoni. "Uwi! Mama yangu."

Ndiyo hivyo. Fundi alipokelewa kama mgeni: meza ikapanguswa, mashine ikavuliwa nguo nzito, ikapumua. Alipofika langoni akienda zake, ikavishwa tena.

Wilkister alimshika Wamboi kiwiko, akanong'ona, "Tunyamaze. Nikiweke kwa mkoba, nisikirudishe tena. Hakuna atakayejua. Daktari atanifuta, mama, na mimi niko na watoto watatu na baba yao alienda."

Na Wamboi alitaka kunyamaza. Nani angetaka kwenda kusema kwamba hospitali nzima imesumbuka kwa sababu ya waridi zake? Lakini akafikiri kuhusu Jumatatu. Watu wa Nairobi wangekuja na tai zao, mashine ikiwa uchi na imepoa, wangeiwasha, ingewaka kutwa, na Gathogo angesema, ona sasa, hawa ndio mafundi. Nzioka angebaki mlevi wa Kiganjo. Kunyamaza kungemponya Wilkister na kumzika mume wake.

"Siwezi," alisema. "Lakini nitasema ni changu. Wewe nyamaza."

*

Daktari Gathogo alikuwa ameshatoka ofisini kwa kelele za benchi. "Ni nini tena? Na huyu mama ni nani huko ndani?"

Wamboi alisahau salamu za Gatanga zote alizokuwa amejiandalia njiani. "Mimi ni mke wa Nzioka, Daktari. Nilikuja kukuomba usimfute. Lakini sasa siombi. Gusa hapa."

Daktari alimtazama kama anayempima homa, kisha akagusa. Naye aliutoa mkono upesi.

"Ni hiki kitambaa kimeizibia pumzi," alisema Wamboi. "Kitambaa ni changu. Nilikifuma mimi, nikakitia bitana mimi, na bwanangu alikileta hapa bila kujua kilichomo. Kama kuna mtu wa kulaumiwa ni mimi."

"Nani alikiweka juu ya mashine?"

"Ni changu, Daktari."

"Sikuuliza ni cha nani."

Wamboi alitazama dari. Na hapo Wilkister, ambaye angeweza kuendelea kunyamaza na hakuna ambaye angemshtaki, alisimama. "Ni mimi, Daktari. Nilidhani ninaitunza."

Gathogo alikichukua kile kitambaa, akakigeuza huku na huku. Watu wa benchi walikuwa wamesimama sasa, hakuna aliyekumbuka ugonjwa wake.

"Mimi nilikuambia nini, siku ile ulipokiweka?" daktari alimwuliza Wilkister.

"Daktari?"

"Sema. Sema mbele ya watu."

"Ulisema... ulisema sasa mapokezi yanakaa kama nyumba ya watu wastaarabu." Wilkister alielekeza kidole ofisini. "Ukaniambia nikuulizie cha pili. Cha simu ya ofisini kwako."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, akajizuia. Lakini mabega ya daktari yalikuwa yameanza kutikisika, na kabla hajajua, alikuwa anacheka hadi akavua miwani. Alicheka kama mtu aliyeambiwa uvimbe wake si saratani. "Kila asubuhi!" alisema. "Kila asubuhi ninapita hapa ninakisifu! Wilkister, kaa chini, hakuna mtu anafutwa. Ningeanza na mimi mwenyewe."

Wilkister alikaa na kulia kwa sauti, na Mwanarusi akapenya mlango mdogo na mtoto wake kwenda kumpapasa mgongo.

Lakini daktari alikuwa mtu wa ushahidi. Alisema mashine iachwe wazi, ipoe, iwashwe, na waone kama itafika jioni. Akaagiza Nzioka apigiwe simu.

*

Nzioka alifika akihema, shati limemshika mgongoni, akitarajia kukuta benchi la watu wenye hasira. Alikuta printa inalia na watu wanapokea karatasi zao mmoja mmoja. Kisha akamwona mkewe ameketi ndani ya mapokezi, kiondo miguuni.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nilikuja," alisema Wamboi, akasimama. "Ulinikataza nikaja. Nigombeze baadaye. Kwanza sikia."

Alimwambia. Hakupunguza kitu, hata furaha yake ya kwanza kuona waridi zake pale hakuificha. Nzioka alikwenda nyuma ya mashine, akatia kiganja mahali pa kutokea upepo, akasikia hewa inapita vizuri. Alibaki ameinama hapo. Mara ya kwanza walidhani anakagua waya, hadi Wamboi alipoona mgongo wake, akamwendea na kusimama mbele yake ili watu wasimwone akijifuta macho.

"Nilidhani nimekuwa mjinga," alimwambia mkewe kwa sauti ndogo. "Nilidhani sijui tena kazi yangu."

"Unaijua."

"Siijui yote. Nimekuwa nikija kama mgeni. Siku moja, saa ile ile, kila mtu amejipanga. Mashine kama mtu, ukitaka kujua anavyoishi lazima ubishe hodi siku asiyokungoja."

Hayo hayo alimwambia daktari jioni ilipofika na kompyuta ilikuwa bado inafanya kazi. Alisema ataendelea na Ijumaa zake, lakini atakuwa anapita pia siku nyingine bila kupiga simu, na Wilkister atakuwa anagusa mashine asubuhi na mchana aone kama ina joto, kama wauguzi wanavyozungukia wodi. Daktari alisikiliza hadi mwisho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikiliza hadi mwisho.

"Na Ijumaa huwa unafanya nini hasa?" aliuliza. "Sijawahi kukuuliza."

Nzioka alimwonyesha. Vumbi, tepu, mafaili. Mbele yao daktari akainua simu, akawaambia watu wa Nairobi wasijisumbue Jumatatu, kwamba hospitali ina mtu wake. Alisema "mtu wetu". Wamboi alilisikia neno hilo na akatamani lirudiwe.

Mwanarusi alikuwa ametoka mapema, karatasi mkononi, Idarous mbele akibeba beseni. Alikuwa amerudi kutoka langoni akamshika Wamboi mkono. "Dada, nilisema vibaya. Nisamehe." Wamboi akampa maparachichi yote.

*

Waliteremka Thika jua likiwa limelegea, karibu na posta. Njia nzima Wamboi alikuwa amejiandaa kugombezwa. Alistahili kidogo, aliona, ingawa si sana.

"Nina sarafu ngapi?" Nzioka alijiuliza, akipekua mifuko. "Nataka kupiga simu."

"Kwa nani saa hizi?"

Alisimama mbele ya kibanda cha simu, hakuingia. "Kwa kaka. Matuu." Alimtazama mkewe, kisha akatazama viatu vyake. "Jana nilimpigia. Nilimwambia atafute lori, Jumapili aje achukue vitu. Wewe na Nduku mngeenda kukaa kwa mama, mimi nitafute chumba kimoja huku, au niende Mombasa nijaribu bahati. Sikujua nitakuambiaje."

Wamboi aliweka kiondo chini. Yeye usiku ule alikuwa anachagua kitambaa cha kichwani, na kumbe mumewe kando yake alikuwa anaipakia nyumba yao kwenye lori, kitanda, viti, mtoto na yote. Alitaka kumpiga. Alitaka kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo kwa sababu walikuwa barabarani.

"Ungeniambia lini? Lori likiwa mlangoni?"

"Sijui. Niliogopa."

"Mimi je, sikuogopa? Nilienda hivyo hivyo." Alifungua pochi yake, akamwekea sarafu kiganjani. "Piga. Na mimi nisikie."

Waliingia kibandani wote wawili, wamebanana, Wamboi ameegemeza sikio karibu na lake. Simu ililia muda mrefu kabla ya kaka kuitika. Alianza mara moja kueleza kwamba lori limepatikana, mwenyewe amekubali, wafunge vyombo mapema.

"Kaka, usije," alisema Nzioka. "Mwambie mwenye lori asante. Tunakaa."